Choki na namba ya marisau kwa fezanti: ipi mtutu wa kwanza, ipi wa pili?

jani_kavu

Wakuu, naomba msaada wenye vipimo, si "tumia yoyote, utazoea".

Bunduki ni geji 12, mitutu miwili juu na chini, chemba ya milimita 70. Ina choki tano (vipande vya kubana mdomo wa mtutu) za kufunga kwa skrubu: isiyo na mbano, robo, nusu, robo tatu na kamili. Windo ni fezanti, yule jamaa wa kwale mwenye mkia mrefu. Tunatembea kwenye nyasi ndefu na mabua ya mahindi, mbwa wawili mbele, na ndege akiruka anakimbilia mbele, anatupa mgongo.

1. Choki ipi mtutu wa kwanza, ipi wa pili?
2. Marisau (vidonge vya ndani) namba 4, 5 au 6? Kila ninayemuuliza anaitetea yake kama timu ya mpira.
3. Sehemu ya eneo inapakana na bwawa, na huko marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku. Nikitumia ya chuma, choki nazo zibadilike?

---

FundiMtutu

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana "risasi" kwetu ni madini na pia ni kile kinachotiwa kwenye bunduki. Hapa nitasema *katriji* kwa kitu kizima, *punje* kwa kidonge kimoja kimoja, na *risasi* kwa madini tu.

Anza na umbali, choki itajichagua yenyewe. Mbwa wakimsimamisha vizuri, fezanti anaruka mita 5 hadi 10 mbele yako. Mpaka uhakikishe ni jogoo (kwingi majike hayaruhusiwi), bunduki ifike begani na ufyatue, ameshafika mita 18 hadi 25. Hiyo ni kazi ya mtutu wa kwanza. Wa pili unamkuta kwenye mita 28 hadi 35. Kwa mazingira uliyoyaeleza: robo kwanza, nusu pili. Mwisho wa msimu, ndege waliobaki ni wale waliokwisha kusikia milio, na wanaruka wakiwa mbali. Hapo panda ngazi moja: nusu kwanza, robo tatu pili.

Choki kamili iache kwenye kisanduku chake. Kwenye mita 18 inatandaza punje kwenye duara la sentimita 40 hivi, wakati robo inakupa karibu 65. Tofauti hiyo ya sentimita 25 ndiyo kosa la mkono la kila mtu. Na ukimpata ndege katikati ya duara la sentimita 40, unaokota manyoya na nyama iliyosagika.

Majina yasikusumbue. Mbano ni tofauti kati ya kipenyo cha ndani cha mtutu na kipenyo cha mdomo. Geji 12 ya kawaida ina milimita 18.5 ndani. Robo hubana takriban 0.25, nusu 0.5, robo tatu 0.75, kamili 0.9 hadi 1.0. Kipimo cha zamani cha matokeo ni punje ngapi kwa mia zinaingia kwenye duara la inchi 30 (sentimita 76) kwa yadi 40 (mita 36.6): bila mbano 40, robo 50, nusu 60, robo tatu 65, kamili 70. Hayo ni matarajio tu. Bunduki yako haijayasoma, kwa hiyo lazima uipime kwenye karatasi.

Kutambua choki bila kusoma maandishi: kwenye ukingo wa nyingi kuna vijikato. Kijikato kimoja ni kamili, viwili robo tatu, vitatu nusu, vinne robo, vitano haina mbano. Kwenye mitutu isiyobadilishwa choki, hasa ya Italia, utakuta nyota kwa mpangilio uleule: nyota moja ndiyo inayobana zaidi. Wengi hudhani nyota nyingi ni mbano mkali, wanaingia porini na choki zimepinduliwa.

---

punje_kwa_punje

Namjibu swali la pili, na kabla ya 4, 5 au 6 kuna swali jingine: namba za nchi gani?

Namba 6 ya Marekani ni milimita 2.8. Namba 6 ya Uingereza ni 2.6. Ile 2.8 Waingereza wanaiita 5. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima wakiwa wameshika kitu kimoja mkononi. Soma milimita kwenye boksi. Kama hakuna milimita na katriji ni ya Kimarekani, toa namba kutoka 17, jibu ni kipenyo kwa mia za inchi: 17 toa 6 ni 11, yaani inchi 0.11, ambayo ni milimita 2.8.

Kuanzia hapa natumia namba za Marekani. Katriji ya gramu 36 ya risasi ina punje takriban 285 za namba 6, au 215 za namba 5, au 170 za namba 4. Wazoefu wengi wanataka punje kati ya 90 na 100 ndani ya lile duara la sentimita 76 ili fezanti asiwe na pengo la kupenya. Sasa piga hesabu kwa mita 36.6:

Namba 6 na robo: 142. Na nusu: 171.
Namba 5 na robo: 107. Na nusu: 129.
Namba 4 na robo: 85. Na nusu: 102.

Namba 4 na robo haitoshi kwa umbali huo. Punje ni nzito, zinapenya, ila ni chache, na ndege anapita katikati yake. Namba 4 inadai nusu au zaidi. Namba 5 inakubali choki zote mbili za FundiMtutu bila kukubabaisha, na ndiyo ningeweka kwenye mitutu yote miwili. Kuchanganya namba tofauti mfukoni ni mazingaombwe. Ndege akiruka hakuna anayechagua.

---

kwale_mwekundu

Mimi bado ni wa namba 6. Mbwa wawili, ndege anaruka miguuni, mita 25. Unahitaji punje nzito za nini? Namba 6 gramu 32 ina punje zaidi ya 250, bega halichoki, na duara limejaa.

---

punje_kwa_punje

@kwale_mwekundu kwa ndege anayekujia usoni, kama wanaposwagwa na wasaidizi kuelekea kwa wapigaji waliosimama, nakubaliana nawe kabisa. Kichwa, shingo na kifua viko wazi, na hata milimita 2.6 inatosha.

Mwenzetu anapigia mgongoni. Punje inaingia kwa nyuma: inapita manyoya mazito ya kiunoni, matumbo, ndipo ifike kwenye moyo na mapafu. Manyoya hayakatiki, yanajiviringisha kwenye punje na kuingia nayo kwenye jeraha kama pamba, na punje nyepesi inaishia njiani. Punje ya namba 6 ina gramu 0.126, ya namba 5 ina 0.167. Ongezeko la theluthi nzima. Mita 20 hutaona tofauti. Mita 33, kwa ndege anayekimbia, ndipo unampata yule anayeanguka huku miguu ikining'inia, kisha akifika chini anakuwa farasi. Fezanti aliyejeruhiwa hutimua mbio, hafi pale alipoangukia.

Ukishikilia namba 6, nunua yenye risasi ngumu, iliyochanganywa antimoni asilimia 5 au 6, au iliyopakwa shaba au nikeli. Risasi laini hupondeka baruti inapowaka na inapopita kwenye mbano. Punje iliyopondeka haina umbo, inapinda njia na kutoka nje ya duara. Kununua choki kali ili kurekebisha katriji duni ni kulipa mara mbili.

---

kwale_mwekundu

Hapo kwa mgongoni nimekuelewa. Kwa mita 25 kushuka sibadiliki.

---

Bati_na_Chuma

Swali la tatu. Chuma kina mambo matatu yanayokibadilisha.

Wepesi. Risasi ina uzito wa gramu 11 na kidogo kwa sentimita ya ujazo, chuma 7.8. Punje ya ukubwa uleule inapungua karibu theluthi ya uzito, na hewa inaisimamisha mapema. Dawa ni kupanda ukubwa kwa namba mbili (namba ikishuka, punje inakua): risasi namba 5 inakuwa chuma namba 3 (milimita 3.55), namba 4 inakuwa chuma namba 2 (milimita 3.8). Mbio ichague ya mita 420 kwa sekunde au zaidi. Na jiwekee mpaka wa mita 35. Usitafute chuma namba 6 kwa sababu ndiyo uliyoizoea kwenye risasi. Kwa fezanti anayekimbia hiyo ni kumchuna manyoya.

Ugumu. Chuma hakipondeki, kwa hiyo punje zote zinakwenda pamoja na duara linabana zaidi. Robo kwa chuma inatoa karibu matokeo ya nusu kwa risasi. Shuka ngazi moja: kwa chuma, isiyo na mbano au robo mtutu wa kwanza, robo au nusu wa pili. Na choki kamili usiipitishie chuma kabisa kama haijaandikwa kwamba imetengenezwa kwa kazi hiyo. Punje haziwezi kupondeka ili zipite, zinasukuma ukuta wa mtutu, na unapata uvimbe kama pete karibu na mdomo, au choki inakwama isifunguke tena.

Bunduki yenyewe. Katriji za chuma zenye nguvu kubwa, kwa kanuni za CIP za Ulaya (tume ya kupima usalama wa bunduki), ni kwa bunduki zilizopimwa kwa shinikizo hilo, na alama yake ni ua la yungiyungi lililogongwa kwenye chuma cha mtutu. Punje zikizidi milimita 4, kanuni hizohizo zinataka mbano usizidi nusu. Bunduki nzee ya kuta nyembamba usiilazimishe. Iwekee punje za madini ya bismathi: uzito wake ni 9.6 hivi, ni laini, inakubali choki zilezile za risasi, unapanda namba moja tu. Bei yake ndiyo inayouma. Tungsteni inafanya maajabu, lakini kwa fezanti wa mita 30 ni kuchinja kuku kwa panga la kukatia miti.

Marufuku nayo usiikisie. Marekani ilimaliza marisau ya risasi kwa ndege wa majini nchi nzima 1991, lakini kwa fezanti inategemea ardhi unayoikanyaga. California imekataza kwa windo lolote tangu Julai 2019. Denmark ilikataza moja kwa moja 1996. Umoja wa Ulaya umeifunga kwenye maeneo oevu na kandokando yake tangu Februari 2023. Ukiwa nusu bwawani na nusu shambani, beba chuma tu. Katriji moja ya risasi iliyosahaulika mfukoni inaweza kutosha kukupeleka mbele ya askari wa wanyamapori.

---

jani_kavu

Asanteni sana. Hiyo karatasi naipimaje hasa? Na naanzia kupima nini?

---

FundiMtutu

Karatasi ya sentimita 120 kwa 120 angalau, kwenye fremu ya mbao, nyuma yake tuta la udongo. Si bati wala bamba la chuma: punje za chuma hurudi kama mpira, na miwani ya kukinga macho iwe usoni. Weka alama katikati. Pima mita 36.6 kwa utepe, usipime kwa hatua.

Lenga alama, fyatua mara moja, badili karatasi. *Baada ya* kufyatua, tafuta penye punje nyingi zaidi na uchore duara la sentimita 76 hapo. Usichore kabla. Hesabu matundu, ukitia wino kila uliloshahesabu la sivyo utapoteza hesabu. Fanya mara tano kwa kila choki na kila katriji. Moja haisemi kitu, zinatofautiana hata kwenye boksi moja.

Ili upate asilimia unahitaji idadi halisi ya punje. Chukua katriji moja, fungua mikunjo ya mdomo taratibu kwa bisibisi ndogo, mwaga punje kwenye bakuli, hesabu. Baruti na kitako cha katriji usiviguse, na ganda hilo lisirudi bundukini.

Angalia mambo matatu: idadi, mapengo, na duara limekaa wapi ukilinganisha na alama. Kisha rudia karatasi mbili tatu kwa mita 22, maana huko ndiko utakakopigia zaidi.

---

jani_kavu

Nimerudi na karatasi. Zote kwa choki ya nusu, mita 36.6.

Risasi namba 5, gramu 36, punje 214 kwenye ganda: 121, 134, 117, 128, 125.
Chuma namba 3, gramu 32, punje 177 kwenye ganda: 141, 136, 144, 139, 135.

La ajabu: kwenye risasi, nikigawa duara kwa mstari wa mlalo unaopita kwenye alama, wastani ni punje 80 juu na 45 chini. Je, bunduki imepinda? Na karatasi mbili za chuma zina kitovu kilichojaa kama ungo wa mtama halafu pembeni kuna mapengo ya ukubwa wa sahani.

---

FundiMtutu

Risasi: wastani 125, asilimia 58. Nusu yako ni nusu kweli, na 125 ni zaidi ya zile 90 hadi 100. Iache kwenye mtutu wa pili, usiguse.

Bunduki haijapinda. Inapiga juu kidogo, kama asilimia 64 juu ya alama, na kwa fezanti hilo ni jambo jema: huyu ndege anapoinuka anapanda, na bunduki inayopiga juu inakuruhusu kumwona juu ya mtutu badala ya kumfunika nao. Ingekuwa 64 chini, ningekwambia uangalie kimo cha kitako cha bunduki. Ikiwa duara limekwenda kushoto au kulia zaidi ya sentimita 10 kwenye karatasi zote tano, hapo ndipo unamwona fundi. Pima pia mtutu wa pili peke yake. Mitutu miwili isiyokubaliana ni ugonjwa wa kawaida kuliko watu wanavyokiri.

---

Bati_na_Chuma

Chuma: wastani 139, karibu asilimia 79. Hiyo ndiyo niliyoisema, nusu yako kwa chuma inafanya kazi ya choki kamili na zaidi. Kitovu kilichojaa na mapengo pembeni maana yake ni mbano uliopitiliza kwa katriji hiyo. Weka robo, utashuka hadi 120 na kitu na mapengo yatajaa, kwa sababu zile punje za ziada za kitovuni zinasambaa kando. Mtutu wa kwanza jaribu isiyo na mbano kwa mita 22 kabla hujaidharau.

---

punje_kwa_punje

Moja nje ya karatasi, kwa kuwa ndilo linalosababisha watu walaumu choki. Jogoo wa fezanti hufika sentimita 80 hadi 90, na mkia peke yake unaweza kuchukua hadi 50. Anaporuka, jicho linashika urefu wote, na ukilenga katikati ya kile unachokiona, unalenga mzizi wa mkia. Unampiga kwa nyuma tu, punje nyingi zinapita kwenye mkia, naye anaendelea. Tafuta pete nyeupe ya shingoni au kichwa, na mtutu ufuate hapo. Hakuna choki inayosamehe nusu mita.

---

jani_kavu

La mwisho: choki hizi nizikaze kwa nguvu gani? Ya robo imelegea baada ya katriji kama ishirini.

---

FundiMtutu

Kukaza sana si dawa. Fungua bunduki, hakikisha chemba zote mbili ni tupu, toa choki. Safisha nyuzi za choki na za mtutu kwa mswaki mkavu hadi mabaki ya plastiki na moshi yatoke. Mara nyingi ni hayo yanayozuia choki kukaa hadi mwisho. Paka grisi nyembamba ya nyuzi, ya kutosha kung'aa tu, ingiza kwa vidole hadi igote, kisha malizia kwa ufunguo wake bila kutumia uzito wa mwili. Iangalie kwa kidole kila baada ya katriji kumi, bunduki ikiwa wazi na tupu. Choki iliyotoka uzi mmoja huacha ukingo ndani ya mtutu, kikombe cha plastiki kinachobeba punje kinajikwaa hapo, na choki inapasuka au inaruka pamoja na marisau.

Usifyatue bila choki ndani hata mara moja. Nyuzi zitajaa plastiki na risasi, na ukuta wa hapo ni mwembamba. Choki za mfumo mwingine zisiingizwe kwa sababu "zimeingia". Nyuzi zinaweza kushika na sketi (ukingo wa nyuma wa choki) isifike mwisho.

Na kama kuna mwenzenu mwenye geji 20, katriji zake za manjano zisikae mfuko mmoja na zako. Ya geji 20 inateleza na kukwama mbele ya chemba ya geji 12, unaona chemba iko tupu, unatia ya 12 juu yake, na mtutu unapasuka palepale mkono wa kushoto unaposhika.

---

jani_kavu

Ilikuwa plastiki. Nimetoa vipande vitatu kwenye nyuzi za ile ya robo, sasa inagota.